Mkulima Aliyelipa Ruzuku

Mbegu ya pamba ikikaangwa haioti. Wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji walilijua hilo vizuri, na katika miaka ya 1940 wapo waliozipitisha motoni mbegu walizogawiwa mpaka kiini kikafa, kisha wakazifukia shambani kwa utaratibu wote mbele ya mnyapara. Mvua zikanyesha, wiki zikapita, tuta likabaki tupu. Walitarajia wakubwa waamini kwamba udongo ule haukubali pamba, ili wao wapate nafasi ya kulima muhogo, mtama na kunde. Wapo waliofaulu. Waliogunduliwa walipigwa palmatória, ubao mzito wenye matundu uliovimbisha viganja hata mtu akashindwa kushika jembe.

Mbegu hizo ziligawiwa bure. Aliyezigawa ni kampuni yenye kibali cha serikali, na aliyehakikisha zinapandwa ni ofisa wa serikali. Kwenye daftari jambo hilo lingesomeka kama msaada kwa mkulima: pembejeo bila malipo, soko la uhakika, bei iliyopangwa mapema. Ni maneno yale yale yanayojaza mipango ya kilimo ya leo. Kwa hiyo anayefuatilia habari za fedha za serikali na mkulima katika pwani hii, kuanzia mdomo wa Ruvuma, kupitia Quionga na Palma, hadi Mocímboa da Praia, hana budi kuuliza kila anapofika: hesabu ikifungwa, nani aliyemlipa mwenzake? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mlipaji alikuwa mkulima.

Ureno ilidai nchi hii mwishoni mwa karne ya 19 bila kuwa na fedha wala watu wa kuitawala. Mwaka 1891 ikaamua kuikabidhi kwa kampuni binafsi, Companhia do Niassa, ambayo ilipewa eneo lote kati ya Ruvuma na Lúrio, kutoka baharini mpaka Ziwa Nyasa. Kampuni ilikuwa na mamlaka ya kutoza kodi na ushuru wa forodha, kuwa na askari wake, na kuwapeleka watu kazini. Mtaji wake ulitafutwa Ulaya, na wenye hisa walitaka faida ya haraka. Wamwani waliokuwa na minazi yao na majahazi yao, Wamakua wa bara, Wamakonde wa nyanda za juu, wote walikutana na serikali kwa mara ya kwanza katika sura ya mtoza kodi ya nyumba. Aliyekosa fedha alilipa kwa kazi. Wanaume walipelekwa migodini Afrika Kusini hadi mwaka 1913, uandikishaji wa watu wa kaskazini ulipokatazwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ruvuma walichukuliwa tena, safari hii kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Kibali cha kampuni kilikwisha mwaka 1929. Katika miaka yote hiyo haikuacha barabara wala soko la maana kwa mkulima. Kilichobaki ni mazoea ya kuvuka mto: walioelemewa na kodi walihamia Tanganyika, wakafanya kazi katika mashamba ya katani ya Lindi na Mikindani, na njia hizo za kuvukia hazijafungwa hata leo.

Pamba ndiyo iliyokamilisha mfumo. Serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno, ilitaka viwanda vya nguo vya Ureno viache kununua pamba kwa fedha za kigeni, vipate malighafi ya bei nafuu kutoka makoloni. Mwaka 1938 iliundwa bodi ya kusimamia pamba ya makoloni, Junta de Exportação do Algodão Colonial, na nchi ikagawanywa kati ya kampuni 12. Kila kampuni ilikuwa mnunuzi pekee katika eneo lake. Cabo Delgado, jimbo lenye pwani hii, ilikuwa mikononi mwa kampuni ya SAGAL. Wakulima walioandikishwa kulima pamba Msumbiji nzima walikuwa takriban 80,000 mwishoni mwa miaka ya 1930. Miaka michache baadaye walipita 700,000.

Kanuni ilikuwa hivi: mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kulima hekta moja ya pamba na nyongeza ya nusu hekta kwa ajili ya mkewe, mwanamke asiye na mume alipimiwa nusu hekta yake. Kwa mtu asiye na kitu ila jembe la mkono, hekta ya pamba ni kazi ya msimu mzima. Inataka kufyekwa, kupandwa, kupunguzwa miche, kupaliliwa mara tatu au nne, kuchumwa kwa awamu, na mwisho mabua kung'olewa na kuchomwa. Palizi ya kwanza huangukia wiki zile zile ambazo mtama na mahindi navyo vinadai jembe. Wasimamizi walipita kukagua, na pamba ndiyo ilipaliliwa kwanza. Ndipo muhogo ukatawala vyunguni, kwa kuwa huvumilia kusahauliwa, na njaa ikawa ya kila mwaka katika nyumba zilizozoea kubadilisha chakula. Mchanga wa pwani haukuipokea pamba kama udongo wa Montepuez, huko bara, lakini kulazimishwa kulikuwa kule kule, na waliokwepa pamba walikabiliwa na shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, barabarani au katika mashamba makubwa ya katani na minazi.

Siku ya soko ndiyo siku ya kuitazama kwa makini. Familia zilifika na magunia kichwani baada ya mwendo mrefu. Pamba ilipangwa madaraja mawili, ya kwanza na ya pili, na mwenye kuamua ni mnunuzi. Mzani ulikuwa wa kampuni, aliyesoma namba alikuwa mtu wa kampuni, na muuzaji kwa kawaida hakujua kusoma. Bei ilikuwa imepangwa na serikali, chini kabisa ya bei ya soko la dunia. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo lililoviendesha viwanda vya Ureno. Mimi sioni neno jingine la kuiita fedha hiyo ila ruzuku, na ilitoka kwa mwanamke wa Cabo Delgado kwenda kwa mwenye kiwanda aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Mwaka 1946 kulianzishwa mfuko wa pamba uliokusudiwa kugharamia huduma katika maeneo ya wakulima. Fedha zake zilitokana na tozo ya pamba yenyewe. Kisima kilichochimbwa kwa fedha hizo kilizinduliwa kama zawadi ya serikali.

Nje kidogo ya pwani, panapoanza kupanda kuelekea Mueda, ndipo wakulima walipojaribu kuugeuza mfumo kutoka ndani. Lázaro Nkavandame, Mmakonde aliyewahi kuishi Tanganyika, alianzisha mwaka 1957 ushirika wa wakulima wa pamba wa hiari, Sociedade Algodoeira Africana Voluntária de Moçambique. Watu walijiunga kwa sababu zilizo wazi: mwanachama alilima pamba bila mnyapara nyuma yake, aliuza kwa pamoja na wenzake, na aliepushwa na shokoa. Hawakuomba fedha kwa mtu. Walichotaka ni kulima bila fimbo na kupima bila kuibiwa. Lakini serikali ilianza kuuhofia ushirika huo mara ulipokua, ukawekewa mipaka na viongozi wake wakafuatiliwa. Tarehe 16 Juni 1960 watu walipokusanyika mbele ya ofisi ya wilaya Mueda kuwasikiliza Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuja kutoka Tanganyika kuzungumza na wakubwa, askari walifyatua risasi. Mwaka uliofuata Ureno ilifuta rasmi ulimaji wa pamba wa lazima. Ilikuwa imechelewa: tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianzia Chai, wilayani Macomia.

Katika maeneo yaliyokombolewa swali la bei lilirudi mapema kuliko wengi walivyodhani. Korosho, ufuta na karanga zilivushwa Ruvuma kwenda kuuzwa Tanzania, na kwa fedha hizo zikarudi nguo, chumvi, majembe na sabuni. Biashara hiyo ilikuwa mkononi mwa viongozi wa jimbo wa FRELIMO, harakati iliyopigana vita hivyo, na mkuu wao alikuwa Nkavandame yule yule. Wenzake walimtuhumu kuwapunja wakulima na kujilimbikizia. Yeye naye alikuwa na malalamiko yake juu ya uongozi. Ugomvi ukakua mpaka mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Historia rasmi humtaja kama msaliti na kumaliza hapo. Mimi naona kisa chake kina uzito zaidi ya hapo, kwa sababu ndani yake mnaonekana mtu mmoja akiushika mzani kwa niaba ya wakulima mwaka 1957, na ndani ya miaka 12 akishitakiwa kwa namna alivyoushika.

Uhuru ulipokuja tarehe 25 Juni 1975, Cabo Delgado ilikuwa imejaa watu waliokusanywa vijijini kwa nguvu na Wareno wakati wa vita. Serikali mpya iligeuza vijiji vingi vya aina hiyo kuwa aldeias comunais, vijiji vya ujamaa, na hakuna jimbo lililokuwa na sehemu kubwa ya watu wake katika vijiji hivyo kuliko hili. Shule na zahanati zilifika, na wazee wanazikumbuka kwa shukrani ya kweli. Lakini fedha za kilimo zilikwenda kwingine. Kati ya mwaka 1977 na 1983 takriban asilimia 90 ya uwekezaji wa serikali katika kilimo iliingia katika mashamba ya serikali: matrekta, mbolea, mafuta, mishahara. Ushirika ulipata kipande kidogo, na mkulima wa kaya, aliyekuwa akilisha sehemu kubwa ya nchi, hakuambulia kitu. Mkutano Mkuu wa Nne wa FRELIMO, mwaka 1983, ulikiri kosa hilo na kuagiza mkulima mdogo asaidiwe. Lakini vita vya waasi wa RENAMO vilikuwa vimeshaenea, maduka yalikuwa hayana bidhaa, na mwenye gunia la korosho aliiona fedha ya serikali ni karatasi isiyonunua kitu.

Korosho inastahili nafasi yake, kwa kuwa ndilo zao la mchanga huu. Mapema miaka ya 1970 Msumbiji iliongoza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baada ya vita mavuno yalikuwa sehemu ndogo ya hayo, na mikorosho mingi ilikuwa mizee au imeshikwa na ubwiriunga. Benki ya Dunia ikasema dawa ni kufungua soko: acha korosho ghafi iuzwe nje bila kizuizi, bei ya shambani itapanda. Kuanzia mwaka 1995 ushuru ukapunguzwa. Viwanda vya kubangua vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wanawake wengi, wakakosa kazi. Wachumi waliopima baadaye faida ya mageuzi hayo kwa mkulima waliikuta inafikia dola 5 na senti kidogo kwa kaya kwa mwaka mzima. Mwaka 1999 Bunge likarudisha tozo ya kuanzia asilimia 18 kwa korosho ghafi inayouzwa nje, na sehemu ya tozo hiyo ikaiendesha taasisi ya korosho, INCAJU, iliyogawa miche na kusimamia upulizaji wa dawa.

Miche hiyo ni ruzuku halisi, na imewasaidia watu. Lakini viwanda vingi vinavyolindwa na tozo viko Nampula, na mnunuzi anayekwenda Palma au Nangade huikata tozo katika bei anayompa mkulima. Mwenye mikorosho kando ya Ruvuma anajua zaidi: ng'ambo, Mtwara, korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007, na bei hutangazwa redioni. Kuanzia msimu wa 2021/22 serikali ya Tanzania imegawa salfa bila malipo kwa wakulima wa korosho. Nako kuna manung'uniko, ya makato, ya malipo yanayochelewa, na ya Novemba 2018, Rais Magufuli alipoagiza jeshi kuzikusanya korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hata hivyo mkulima wa upande wa kusini akilinganisha anaona shangazi yake wa ng'ambo ana bei anayoweza kuibishia, naye ana bei anayoambiwa. Korosho huvuka mto usiku kwa sababu hiyo.

Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Maputo na kuahidi kwamba asilimia 10 ya bajeti zao itakwenda kwenye kilimo. Miaka 3 baadaye Rais Guebuza wa Msumbiji alileta mpango ambao kila mtu nchini anaujua kwa jina la sete milhões, milioni saba. Kila wilaya kati ya 128, iwe Palma ama wilaya tajiri ya kusini, ilipewa meticais milioni 7 kwa mwaka, wakati huo zaidi kidogo ya robo milioni ya dola. Mwananchi alipeleka andiko lake, baraza la ushauri la wilaya likakaa kulijadili, aliyekubaliwa akapewa mkopo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fedha za serikali kufika mpaka chini kiasi hicho zikijadiliwa na watu wa hapo hapo, na jambo hilo lisidharauliwe. Ila kuandika andiko kulihitaji kitambulisho, barua ya katibu wa mtaa, na mtu anayejua Kireno cha ofisini. Katika pwani ambako wengi huendesha maisha yao kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na ambako chuo cha Kurani kilifika karne nyingi kabla ya shule ya serikali, masharti hayo yaliwachuja watu kabla baraza halijakaa. Nchi nzima yalisikika malalamiko kwamba waliopata ni wale waliokaribiana na chama na ofisi. Fedha nyingi zikawa pikipiki, mashine za kusaga, vibanda vya biashara. Marejesho yalikuwa haba sana.

Majaribio ya vocha za pembejeo ya mwaka 2009 hadi 2011, yaliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, yaliwapa wakulima 25,000 mbegu bora na mbolea kwa sehemu ndogo ya bei. Yalifanyika katika majimbo 5, na Cabo Delgado haikuwamo. Sustenta, mpango mkubwa wa serikali wa kumwezesha mkulima wa kati awavute wadogo wanaomzunguka, ulianza mwaka 2017 Nampula na Zambezia. Ulipotangazwa kuwa wa nchi nzima, pwani ya kaskazini ilikuwa inaungua.

Kabla ya hapo fedha kubwa kuliko zote zilikuwa zimefika, na zilifika kwa ajili ya watu kuondoka. Gesi iligunduliwa baharini mbele ya Palma mwaka 2010. Miaka 2 baadaye mradi wa gesi hiyo ulipewa haki ya matumizi ya ardhi ya hekta zipatazo 7,000 katika rasi ya Afungi. Ardhi ya Msumbiji ni mali ya taifa na haiuzwi, hivyo kinachofidiwa ni kilichosimama juu yake. Wahesabuji walipita shamba kwa shamba, mti kwa mti: mnazi, mkorosho, mwembe, kila mmoja ukaandikwa na kupewa thamani kutoka katika jedwali. Watu wa Quitupo walijengewa nyumba za matofali Quitunda, zenye umeme, na waliahidiwa hekta 1.5 za shamba kwa kila kaya. Mwenye mikorosho mingi alishika fedha ambazo babu yake asingeziota. Lakini shamba mbadala lilitakiwa litoke katika ardhi ya vijiji jirani, ambavyo navyo vilikuwa na wenyewe, na wapo waliohamia nyumba mpya wakawa bado wanalisubiri. Mvuvi aliyezoea kutembea kwa miguu hadi ufukweni akajikuta mbali na bahari.

Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa na waasi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaangusha minazi na mazao yaliyokuwa yanakaribia kuvunwa kusini zaidi mwa pwani hiyo. Agosti 2020 mji wa Mocímboa ukaanguka mikononi mwa waasi, ukakaa huko mwaka mzima. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi, na Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliohamishwa, kikafurika maelfu ya waliokimbia. Ilipofika mwishoni mwa 2022 waliokuwa wamehama makwao jimboni walikaribia milioni moja. Serikali ilikuwa imeunda wakala wa maendeleo ya kaskazini, ADIN, Machi 2020. Mashirika ya misaada yakaleta vocha za chakula, na baadaye vifurushi vya mbegu na majembe kwa wanaorudi.

Vifurushi hivyo vimeokoa watu, nami sitaki kuonekana kama ninayevibeza. Ninachouliza ni kile kinachopangwa baada yake. Mtu aliyerudi Mocímboa au Palma analima vishamba vya karibu na mji, kwa sababu mashamba ya zamani yako mwendo wa saa kadhaa porini na hajui atakutana na nani njiani, mwasi au askari. Mikorosho yake iko huko huko, haijapuliziwa dawa kwa misimu mingi, na msimu wa kuokota huwakuta wachache walio na ujasiri. Akipewa mche wa bure leo, utaanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, na mpaka ushamiri itachukua mingine kadhaa. Anayepanga bajeti ya kilimo ya pwani hii angeanza na ulinzi wa njia ya shamba kuanzia Oktoba hadi Januari, korosho zinapodondoka, kisha mizani iliyokaguliwa katika kila kituo cha kununulia, kisha bei inayotangazwa kwa Kimwani kabla mnunuzi hajafika na gari lake. Gharama ya mambo hayo matatu ni ndogo kuliko fedha nyingi zilizokwisha kupitia huku.